Nusu ya Utoto Iko kwa Jirani

Mtu akisimama katika mji wa Baraka na kulitazama ziwa Tanganyika, mbele yake kuna Ubwari, ile rasi ndefu inayoikinga ghuba, na nyuma yake kuna milima. Bibokoboko iko huko nyuma, juu, katika sekta ya Mutambala, mojawapo ya sekta nne za Fizi, mashariki mwa Kongo. Anayetoka ziwani hupanda kwa miguu. Anaiacha michikichi na mashamba ya muhogo ya tambarare, anaingia kwenye baridi, nyasi na ng'ombe. Kwa vizazi kadhaa njia hiyo ilipandwa na kushukwa na watu wenye mizigo tofauti: waliotoka juu walishuka na maziwa, siagi na ng'ombe wa kuuza, waliotoka chini walipanda na chumvi, mawese, unga wa muhogo na ndagala, samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa juani.

Watoto walikuwa wa kwanza kuujua uchumi huo, ingawa hawakuwa na jina la kuuita. Mtoto wa mlimani alilijua ziwa kabla ya kuliona, kwa harufu ya ndagala iliyoingia nyumbani ndani ya kapu la mama. Mtoto wa Baraka aliujua mlima kwa maziwa yaliyoletwa alfajiri, yakiwa bado na ubaridi wa huko juu. Kila mmoja wao alikua akiwa na kitu cha mwenzake mdomoni. Wakiwa wazee leo, mmoja akiulizwa habari za utoto wake, hawezi kumaliza sentensi nyingi kabla ya kumtaja mwingine.

Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu Bibokoboko imetajwa sana katika ripoti za vita na mara chache sana katika habari za malezi. Milima hiyo na tambarare zake zimekaliwa na Babembe, Banyamulenge, Bafuliiru, Banyindu na Babuyu. Nyumbani kila familia ilisema lugha yake. Sokoni, kanisani na katika uwanja wa shule walikutana kwa Kiswahili. Wapo Babembe waliowakabidhi wafugaji Banyamulenge ng'ombe wao wachungwe pamoja na wa wafugaji hao. Wakati wa kiangazi mifugo ilishushwa kutafuta majani, hata mpaka sekta ya Ngandja, na safari hizo ziliwalazimu wachungaji kulala katika vijiji vya watu wengine, kula kwao na kuongea nao mpaka usiku. Magomvi hayakukosekana, kwani ng'ombe akiingia shamba la muhogo lazima pawe na kesi. Lakini hata kesi ina wasikilizaji wake, na miongoni mwao walikuwamo watoto waliochungulia mlangoni.

Miongoni mwa Babembe, mahali pa kusikilizia mambo kama hayo palikuwa lubunga, kibanda cha wanaume ambamo wazee waliketi kuzunguka moto, wakakata mashauri, wakala pamoja na kufundisha vijana. Mvulana alijifunza pale nasaba ya baba zake, mipaka ya mashamba na namna ya kunyamaza mkubwa anapoongea. Kwa Banyamulenge, jioni baada ya kukamua ng'ombe ilikuwa saa ya mazungumzo ya nyumbani, ya kusifu ng'ombe kwa majina yao na kuhesabu ukoo. Shule hizo mbili hazikuwa na madaftari. Zilitegemea kitu kimoja tu, kwamba kesho jioni watu wale wale watakuwapo tena, na aliyekosea kusimulia atasahihishwa na aliyeketi upande wa pili wa moto.

Msomi mmoja wa Ufaransa, Maurice Halbwachs, alilieleza jambo hili kwa namna yake mwaka 1925. Alisema kwamba mtu hakumbuki peke yake. Kile anachokiita kumbukumbu yake kinasimama juu ya watu wengine: familia, wenzake wa dini, watu wa tabaka lake. Watu hao wakitawanyika, kumbukumbu nayo hupoteza mahali pa kuegemea. Halbwachs mwenyewe alikufa mwaka 1945 katika kambi ya Buchenwald, mfungwa wa Wanazi, na kitabu chake kingine juu ya suala hilo kilichapishwa baada ya kifo chake.

Watafiti wa saikolojia wamelifikia wazo hilo kwa njia nyingine. Watu wazima wengi hawana kumbukumbu ya kuaminika ya mambo yaliyotokea kabla ya umri wa miaka mitatu au mitatu na nusu hivi. Lakini umri huo si sawa duniani kote. Mwaka 2000, Shelley MacDonald, Harlene Hayne na mwenzao wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, waliwauliza watu wa jamii mbalimbali habari za kumbukumbu yao ya kwanza. Wamaori walirudi nyuma zaidi kuliko wengine wote, kwa wastani mpaka umri wa miaka miwili na miezi kadhaa. Maelezo ya watafiti yalielekea kwenye utamaduni: jamii ya Kimaori huyapa uzito mkubwa mambo ya zamani, na watoto huzungumziwa yaliyopita tangu wakiwa wadogo sana. Mtoto anayeulizwa "unakumbuka tulipokwenda kwa babu, uliona nini?" hupata kamba ya kuifunga siku ile isipotee. Asiyeulizwa huiacha ikaenda zake.

Kwa hiyo lubunga na mazungumzo ya jioni vilikuwa mahali kumbukumbu inapotengenezwa, jioni baada ya jioni. Jikoni nako kulikuwa hivyo hivyo.

Chukua sombe. Majani machanga ya muhogo huchumwa, yakatwangwa kinuni mpaka yalainike, kisha huchemshwa kwa muda mrefu ili sumu yake iishe. Kazi ya kutwanga hufanywa na wawili, mmoja akiinua mchi mwingine akishusha, na msichana wa miaka saba au minane anapewa nafasi ya kujaribu mkono wake mpaka aache kuvuruga mapigo. Baadaye huja mawese, kitunguu, na ndagala wa kutia ladha. Muda wote huo, ambao si mfupi, wanawake wanaongea. Humo ndimo mtoto anaposikia nani alimuoa nani, mjomba gani alikwenda Kalemie asirudi, jirani gani alimnyonyesha nani mama yake alipougua. Mwanamke aliyelelewa hivyo akiivuta harufu ya mawese yakipata moto, hata akiwa katika nyumba ya ghorofa huko Ulaya, habari hizo humrudia pamoja na sauti za waliozisema. Wanasaikolojia wameona kwamba harufu ina nguvu ya pekee ya kurudisha mambo ya utotoni, na huyarudisha yakiwa na hisia zake.

Usiku, watoto wa pande zote mbili walikuwa na tamasha moja. Uvuvi wa ndagala na mikeke hufanyika gizani kwa taa, kwa sababu samaki hao huifuata nuru. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi ni taa za umeme wa jua au wa betri. Mwezi unapokuwa mkubwa wavuvi hupumzika, kwa kuwa samaki hutawanyika na nuru ya taa haina kazi. Katika siku za giza, mitumbwi iliyoko ghubani huonekana kutoka pwani na kutoka kwenye miinuko ya juu ya Baraka kama mji mwingine uliowashwa juu ya maji. Mtoto wa mvuvi alizitazama taa hizo akijua mojawapo ni ya baba yake. Mtoto wa mfugaji alizitazama kutoka juu bila kumjua mwenye taa, lakini kesho yake, kapu lilipofika, alikula kilichovuliwa chini ya taa hizo hizo.

Dunia inazo kumbukumbu za mahali hapa, ila ni za wapita njia. Richard Burton alifika Ubwari mwaka 1858 pamoja na John Speke, akaandika kitabu, na jina lake likabaki kwenye ramani ya ghuba ya Baraka. Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi Aprili 1965 na kukaa na wapiganaji wake Wakuba katika milima ya Fizi mpaka Novemba mwaka huo. Maandishi yake juu ya miezi hiyo saba yalikuja kuchapishwa kitabu miongo mitatu baadaye, na yanasomwa katika lugha nyingi. Bila shaka watoto wa Fizi waliwatazama wote wawili. Watoto wale waliona nini? Hilo halimo katika kitabu cha Burton wala cha Guevara. Kwa habari za mwaka 1858 haliwezi kupatikana tena. Kwa habari za 1965 bado wapo wanaoweza kulieleza, na kila mwaka wanapungua.

Wakatoliki wa Baraka na Fizi wameonyesha kwamba kumbukumbu ya namna hiyo inaweza kulindwa. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, wamisionari wawili Waksaveri, Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, waliuawa Baraka. Siku hiyo hiyo Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Waumini waliendelea kuwataja. Waliotajwa katika masimulizi hayo walikuwa watu walioonekana: bruda aliyekuwa akicheza na watoto, padri aliyekuwa akiungamisha. Tarehe 18 Agosti 2024, miaka sitini karibu kutimia, Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa wenyeheri katika misa iliyoongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo mjini Uvira. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1964 alikuwa anakaribia sabini siku ile. Kwa miaka yote hiyo hapakuwa na picha za video wala mtandao wa kuwasaidia. Palikuwa na watu waliokutana kila Jumapili, wakawa na sababu ya kusimulia jambo lile lile mbele ya wasikilizaji waliolijua, na walioweza kumsahihisha msimuliaji.

Bibokoboko haikupata utulivu wa kukutana namna hiyo.

Mwezi Septemba 1996, vita vya kwanza vya Kongo vikikaribia, raia Banyamulenge wa eneo hilo walishuka Baraka kujiweka chini ya ulinzi wa jeshi la serikali ya Mobutu, ili waonyeshe kwamba hawakushirikiana na wapiganaji. Ripoti kubwa ya Umoja wa Mataifa juu ya uhalifu uliofanyika Kongo kati ya 1993 na 2003, iliyotolewa Oktoba 2010, inaeleza jinsi wengi wao walivyouawa Baraka na Lueba, wakiwamo wanawake na watoto. Kisha ikaja zamu ya wengine kulia. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, wakati wa vita vya pili, mamia ya raia, wengi wao Babembe, waliuawa Makobola, kwenye barabara ya kutoka Uvira kuja Baraka, na ripoti hiyo hiyo inawataja askari wa kundi la waasi la RCD na washirika wao. Mwezi Oktoba 2021 Bibokoboko ilishambuliwa na kuchomwa na makundi ya wapiganaji wa Mai-Mai, na watu wake wakashuka tena kukimbilia Baraka, kwa njia ile ile waliyokuwa wakishukia na maziwa.

Nyumba iliyoungua huhesabiwa. Ng'ombe walioibwa huhesabiwa, hata kama hawarudi. Kilicho kigumu kuhesabu ni kuondokewa na mtu aliyekuwapo. Mzee Munyamulenge aliyelala mara nyingi kwa rafiki yake Mubembe alipokuwa kijana anayo nusu ya usiku ule. Nusu nyingine iko kwa mwenyeji wake: chakula kilipikwa na nani, mgeni alisema nini alipokwisha kusinzia, asubuhi alisahau nini akarudi njiani kukifuata. Vita vinapowafanya watu hao wawili waogope kutajana, kila mmoja hubaki na nusu yake. Anaweza kuwasimulia watoto nusu hiyo kwa miaka arobaini, na mtoto akaipokea akidhani ndiyo yote.

Wakimbizi walichukua nusu hizo kila mmoja upande wake. Babembe wengi walivuka ziwa kwenda Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na kwa miaka mingi ilihifadhi zaidi ya watu 60,000, wengi wakiwa wa Fizi. Shule za Wakongo kambini zilifuata mtaala wa Kongo, kwa matumaini ya kurudi. Kuanzia mwaka 2005 meli ilianza kuwarudisha waliotaka, kutoka Kigoma hadi Baraka, na baadhi ya walioshuka bandarini walikuwa watoto waliozaliwa Tanzania, wakirudi mahali ambapo hawajawahi kukanyaga. Walipajua kwa kusimuliwa. Waliujua mto Mutambala kabla ya kuuona, na walijua shamba la babu limepakana na la nani.

Kwa waliobaki mbali, Msalaba Mwekundu ulikuwa na njia yake. Ujumbe wa Msalaba Mwekundu ni karatasi moja isiyotiwa ndani ya bahasha, yenye nafasi ya majina ya anayeandika na anayeandikiwa, jina la baba, jina la mama, mahali pa kuzaliwa. Chini yake hubaki nafasi ndogo ya maneno. Sharti ni kwamba yaandikwe mambo ya familia tu, bila siasa wala habari za vita, kwa kuwa karatasi itapita mikononi mwa watu na inaweza kusomwa. Mtu aliyekosa kuonana na dada yake kwa miaka mingi analazimika kuchagua: nani amezaliwa, nani amefariki, nani ameoa. Halafu kuna anwani, na kijiji kisicho na barabara yenye jina hakina namba ya nyumba. Anayeandika huwasaidia wapelekaji kwa anachokikumbuka: jina la chifu, kanisa, soko la karibu, ukoo ambao kila mtu anaujua. Karatasi hufika kwa sababu mtu mmoja ameikumbuka njia ya nyumbani vizuri, na mwingine, ambaye mara nyingi si ndugu yake, ameikumbuka familia ile alipoulizwa.

Banyamulenge wengi walielekea Burundi na Rwanda. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, kambi ya Gatumba, ndani ya Burundi karibu na mpaka wa Kongo, ilishambuliwa. Zaidi ya watu 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge waliokuwa wamekimbia mapigano ya Kivu miezi michache kabla. Sandra Uwiringiyimana alikuwa mtoto wa miaka kumi usiku huo. Mdogo wake Deborah, wa miaka sita, aliuawa. Familia ilipelekwa Rochester, katika jimbo la New York, mwaka 2007. Sandra alikuja kuzungumza mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 2014, na mwaka 2017 akachapisha kitabu cha maisha yake, alichokiandika pamoja na Abigail Pesta. Kitabu hicho kinagusa kwa sababu hakisimulii risasi tu. Kinasimulia pia nyumba, wazazi, michezo na ndugu, na msomaji anawajua waliokufa kama watu wa nyumba moja. Kila tarehe 13 Agosti Banyamulenge popote walipo hukutana kuwakumbuka wafu wale kwa majina.

Mwaka wa bajeti wa 2016 Kongo iliongoza mataifa yote kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, zaidi ya watu 16,000. Ikatokea jambo ambalo Fizi ilikuwa imeshindwa kuliruhusu kwa miaka: familia za Babembe zilizotoka Nyarugusu na familia za Banyamulenge zilizotoka Burundi na Rwanda zilijikuta katika nchi moja, na mara nyingine katika mji mmoja. Wanatafuta muhogo na mawese katika maduka ya aina moja, na wanasikia Kiswahili cha kwao kikisemwa na mtu wasiyemtarajia. Hapo mtu huwa na njia mbili. Anaweza kugeuza uso. Anaweza pia kuuliza, "Mama, wewe ni wa upande gani wa Fizi?" na jibu likawa jina la kijiji ambako shangazi yake alikuwa akienda sokoni.

Tusijidanganye kwamba kukumbuka peke yake kunaponya. Liisa Malkki, mwanaanthropolojia kutoka Finland, aliishi magharibi mwa Tanzania mnamo 1985 na 1986 pamoja na Warundi waliokuwa wamekimbia mauaji ya mwaka 1972, yale yale yaliyowaleta Warundi wengine mpaka Uvira na Fizi. Aliwalinganisha wakimbizi wa makazi ya Mishamo na wale waliokuwa wakiishi mjini Kigoma. Katika kitabu chake cha mwaka 1995 anaeleza alichokiona. Mishamo, ambako watu wa asili moja waliishi peke yao, masimulizi ya zamani yalikuwa yamekusanyika yakawa historia moja kubwa, yenye wema upande huu na uovu upande ule, ikisimuliwa karibu kwa maneno yale yale na kila mtu. Kigoma mjini, ambako wakimbizi walichanganyika na wenyeji, wakafanya biashara na kuoana nao, simulizi hilo halikushika mizizi. Wote walikuwa wamepoteza nchi moja kwa sababu moja. Waliotofautiana ni wale waliowazunguka wakati wa kusimulia.

Hilo linaigusa Bibokoboko moja kwa moja. Mtoto wa Kibembe anayeisikia Makobola bila kusikia Baraka na Lueba, na mtoto wa Kinyamulenge anayesikia Baraka na Gatumba bila kusikia Makobola, wote wawili wanaambiwa kweli. Lakini wanaambiwa katika chumba ambacho hamna wa kuongezea. Na pamoja na vifo, wananyimwa pia kile kilichokuwapo kabla: yale maziwa ya alfajiri, kesi ya ng'ombe na muhogo, mgeni aliyelala karibu na moto. Wazazi wengi huyaruka hayo kwa sababu yanauma kwa namna nyingine. Ni rahisi kueleza adui kuliko kueleza kwamba adui alikuwa akikushikia mkono ukivuka mto.

Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliunda mwanzoni mwa miaka ya 2000 orodha ya maswali ishirini ya kumuuliza mtoto: Unajua wazazi wako walikutanaje? Unajua bibi na babu walikulia wapi? Unajua jambo gumu lililowapata wazazi wako walipokuwa wadogo? Unajua habari za siku uliyozaliwa? Waligundua kwamba watoto waliojua majibu mengi walikuwa na uhakika zaidi juu yao wenyewe na waliona kwamba wana uwezo juu ya maisha yao. Watafiti walionya kwamba kumkaririsha mtoto majibu hakusaidii kitu. Majibu ni alama tu kwamba nyumbani kuna watu wanaoketi pamoja, kwenye meza au njiani, wakasimuliana, na kwamba katika masimulizi yao familia ilianguka na ikainuka tena.

Familia za Fizi zinaweza kuwa na maswali yao, na ubora wake ni kwamba baadhi hayawezi kujibiwa na ukoo mmoja. Mzee, ukishuka Baraka, ulikuwa unalalaka kwa nani? Ng'ombe wa babu walichungwa na nani wakati wa kiangazi? Mama, ulijifunza kwa nani kupika sombe kwa ndagala, wewe uliyezaliwa kwenye maziwa? Darasani uliketi karibu na nani, na sasa yuko wapi? Kesi ya shamba ilipokatwa, aliyekuombea msamaha alikuwa nani? Mjukuu anayeuliza hivyo huko Nyarugusu, Bujumbura au Rochester atapata jina ambalo si la kabila lake, na pengine atamwona mzee akinyamaza kidogo kabla ya kulitamka.

Waluba, walioko kusini zaidi katika Katanga, walikuwa na chombo kwa kazi kama hii. Lukasa ni ubao wa mkononi uliopambwa kwa shanga, kauri na alama za kuchonga, ambao wajuzi wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kidole wakisimulia wafalme, safari na maeneo. Maana ya shanga haikufungwa mahali pamoja. Ilitegemea anayesoma, tukio na wasikilizaji, na wajuzi waliweza kubishana mbele ya watu. Maonyesho makubwa ya sanaa hiyo yaliyofanyika New York mwaka 1996, mwaka uleule Bibokoboko ilipokuwa ikitawanyika, yaliwafundisha wageni wengi kwamba huko Kongo kumbukumbu ilikuwa taaluma ya watu waliofunzwa.

Kwa Bibokoboko, simu ya mkononi inatosha kuanzia. Inarekodi sauti, na wengi wanayo. Kinachotakiwa ni mpango wa kuzikutanisha nusu. Kanisa lenye waumini wa makabila yote mawili linaweza kuanza na darasa moja la shule ya msingi ya kabla ya 1996: kuandika majina ya wanafunzi wote, kisha kuwatafuta mmoja mmoja, Baraka, Uvira, Kasulu, Bujumbura, Kigali, Marekani, na kumuuliza kila aliyepatikana anawakumbuka wenzake akina nani na kwa jambo gani. Chama cha vijana wa Kibembe kinaweza kuwarekodi wazee wao juu ya njia ya mlimani na masoko yake; chama cha Kinyamulenge kikafanya hivyo juu ya ziwa; halafu wabadilishane sauti hizo kabla ya kuzitangaza, ili kila upande usikie jinsi ulivyokumbukwa na mwenzake, mema na mabaya.

Muda ndio unaobana. Waliokula ndagala na maziwa katika amani ya kabla ya 1964 ni wazee sana. Aliyekuwa na miaka kumi Septemba 1996 amekwisha kuwa mzazi, na mtoto wake amefika umri wa kuuliza. Akiulizwa leo darasani aliketi na nani, bado anaweza kutaja jina la baba wa mtoto yule, kijiji chake, na upande wa mto walikokuwa wakikaa, na hayo ndiyo maelezo ambayo karatasi ya Msalaba Mwekundu huyadai ili imtafute mtu.